Kwale: Kutoka Uwanja wa Sengenya Hadi Studio za Ukunda

Lawama imezoeleka kote Pwani, na Kwale haikusalimika: muziki wa siku hizi hauna kitu. Mwenye umri wa kukumbuka santuri na kanda husema zamani mtu alipiga gita kwa vidole vyake, akaimba kwa koo lake, na maneno yakawa na uzito. Leo kijana anaingia asubuhi kwenye chumba chenye kompyuta, adhuhuri anatoka na wimbo, na mwezi ukiandama hakuna anayeukumbuka. Kijana naye hujibu kwamba wazee wanalilia ujana wao. Mabishano haya yakiachwa hapo hayana mshindi, maana kila upande unapima kwa ladha. Ukanda unaoanzia Likoni ukapita Waa, Tiwi, Diani na Msambweni hadi Vanga mpakani una historia ya muziki inayotosha kutupa kipimo kingine. Kwa kipimo hicho wazee wana haki katika jambo moja kubwa, na wamekosea katika mengi. Vipaji havijapungua Kwale, wala ufundi wa maneno. Kilichopungua ni mahali pa watu wengi kupiga muziki pamoja, usiku baada ya usiku, kwa ujira.

Tuanze na makosa, kwa kuwa ndiyo yanayosemwa kwa sauti kubwa zaidi. Hakuna muziki wa Pwani tunaouenzi leo ambao haukulaumiwa ulipoingia. Beni ilizaliwa katika pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19, vijana wakiiga bendi za kijeshi kwa tarumbeta, vyeo na mavazi rasmi, na kutoka hapo ikasambaa hadi ndani ya Tanganyika. Mwanahistoria Terence Ranger, katika kitabu chake cha 1975, ameeleza jinsi ngoma hiyo ilivyowatia wasiwasi wamishonari na maofisa wa serikali, huku wazee nao wakiiona ni ubadhirifu wa vijana. Taarabu ilipohama kutoka kumbi za Unguja na kushikwa na vikundi vidogo vya Tanga katika miaka ya 1960, Black Star Musical Club ikiwa mbele na sauti ya Shakila Saidi, lililobadilika halikuwa dogo: safu ndefu za fidla na kanuni zilipisha gita la umeme na besi. Mombasa ikaufuata mtindo huo, na mtu aliyelelewa kwa udi na kanuni aliusikia kama kelele. Leo nyimbo hizohizo ndizo zinazotajwa kuwa mfano wa utulivu na heshima. Ilipokuja taarabu ya mipasho ya miaka ya 1990, na kinanda cha umeme cha East African Melody, lawama ilirudi kwa maneno yaleyale.

Kumbukumbu nayo huchagua. Wimbo uliobaki miaka 50 umepita katika machujio mengi: ulichaguliwa na kampuni ya santuri, ukachaguliwa na mtangazaji wa redio, ukachaguliwa tena na mwenye duka aliyeamua ni kanda gani ya kunakili. Zilizochosha zilikufa kimyakimya, na hatuziweki kwenye mizani tunapolinganisha. Wimbo wa mwaka huu tunausikia pamoja na takataka zote za mwaka huu. Hata waliotukuzwa kama wakongwe walikuwa wakitazama nyuma. Them Mushrooms, kundi lililoanzishwa mwaka 1972 na ndugu wa Kaloleni, katika miaka ya 1990 wenyewe walirekodi mchanganyiko wa nyimbo za waliowatangulia na kuuita Zilizopendwa. Kila kizazi kimekuwa na zilipendwa zake.

Hata hivyo, kusema kwamba kila kizazi hulalamika hakuthibitishi kwamba hakuna lililopotea. Wanaotetea muziki mpya hukimbilia hoja hiyo na kuishia hapo, na hapo ndipo ninapotofautiana nao. Lipo lililopotea, na ili kuliona inabidi kurudi kwenye sengenya.

Sengenya ni ngoma ya Wadigo na Waduruma, na kwa mtu wa Kwale ndiyo shule kongwe ya muziki. Ina ngoma za ukubwa mbalimbali, upatu, kayamba, na juu yake zumari. Uzuri wake haumo katika chombo kimoja. Zipo ngoma zinazoshika mwendo bila kuyumba, ipo inayojibu, na ipo inayoongoza na kumpa mchezaji ishara ya kugeuka. Ukiisikiliza moja peke yake huisikii sengenya hata kidogo. Mpiga zumari hana nafasi ya kutua, kwa hiyo hujifunza kuvuta pumzi kwa pua huku mashavu yakiendelea kusukuma hewa, na sauti isikatike. Ufundi huo haujifunzwi kwa siku mbili, wala mtu hawezi kujifunza akiwa peke yake chumbani. Mtoto alianza kwa kutazama pembeni mwa uwanja, akaachiwa kayamba, akapanda kwenye ngoma ndogo, na baada ya harusi nyingi ndipo aliporuhusiwa kuongoza. Kayamba za usiku kucha za kupunga pepo nazo zilidai jambo hilohilo: mpigaji awe na hazina kubwa ya nyimbo, na ajue ni upi wa kupigwa saa ipi, kwa kuwa mgonjwa alikuwa mbele yake na haponi kwa wimbo wowote tu. Masikio yalinolewa kazini.

Shule hiyo ilikuwa na matawi. Wadigo wanaishi pande zote mbili za mpaka, na Tanga ilikuwa jirani yao tangu kabla mpaka haujachorwa. Jamhuri Jazz na Atomic Jazz zilifanya mji huo kuwa kiwanda cha wapiga gita. Ndugu Wilson na George Kinyonga walipita Jamhuri Jazz kabla ya kuingia Kenya na kuunda Simba Wanyika mwaka 1971, na kutoka kundi hilo ikazaliwa Les Wanyika mwaka 1978. Upande wa Mombasa, harusi ndiyo iliyowalisha wanamuziki. Zuhura Swaleh aliitia taarabu mapigo ya chakacha, na taishokoto ikilia nyuma yake; Maulidi Juma na kundi lake walizunguka kwenye harusi za Waswahili na za Wamijikenda, wakiimba kwa lugha za pande zote mbili. Kanda zilizouzwa na Mbwana Radio Service mjini Mombasa zilivuka kivuko cha Likoni na kufika mpaka kwenye maduka ya vijijini. Waliozisikiliza kanda hizo walikuwa wakisikiliza watu waliopiga pamoja kwa miaka, na ndiyo maana besi na gita zinaelewana pasipo mtu kuhesabu.

Kisha zikaja hoteli. Uwanja wa ndege wa Mombasa ulipopanuliwa mwishoni mwa miaka ya 1970, ndege za watalii kutoka Ujerumani, Uswisi na Italia zilileta watu moja kwa moja ufukweni, na Diani ikajaa majina ambayo wenyeji bado wanayataja: Jadini, Africana Sea Lodge, Robinson Baobab, Leisure Lodge, Diani Reef. Hoteli ya ufukweni ilihitaji bendi wakati wa chakula cha jioni, na siku nyingine ilihitaji kundi la ngoma. Kwa mwanamuziki hii ilikuwa ajira ya kudumu ambayo harusi haikuweza kumpa, kwani harusi zina msimu na mfungo wa Ramadhani huzisimamisha. Bendi iliyoajiriwa ilifanya mazoezi mchana na kupiga usiku, ikajifunza rumba, chakacha, rege na nyimbo za Kizungu kwa pamoja. Jambo Bwana, utunzi wa Teddy Kalanda wa Them Mushrooms uliotoka mwaka 1982, ulitokana na maisha hayo ya hoteli za Pwani, na mwaka uliofuata Boney M wakaurekodi kwa namna yao huko Ujerumani.

Zama hizo ndizo zinazoitwa za dhahabu, na lazima tuseme gharama yake. Wimbo wa hoteli uliandikiwa mtu atakayeondoka baada ya wiki mbili. Ulitumia maneno machache ya Kiswahili ambayo mgeni angeweza kuyarudia, ukamwambia kwamba nchi ni nzuri na hakuna shida. Sengenya ilipopelekwa kando ya bwawa la kuogelea ilikatwa vipande vya dakika chache, ikavuliwa shughuli yake ya harusi, na wachezaji wakaambiwa watabasamu. Mambo ya Diani yenyewe, ardhi iliyouzwa, njia za kwenda baharini zilizozibwa, vijana walioacha shule wakitafuta watalii, hayakuwa na nafasi katika nyimbo zile. Anayesema nyimbo za zamani zilikuwa na ujumbe kuliko za leo azisikilize tena zile za ufukweni. Zilikuwa na wapigaji hodari mno na maneno mepesi mno.

Ajira hiyo ilivunjika kwa mapigo. Agosti 1997 kituo cha polisi cha Likoni kilishambuliwa, na vurugu zilizohusishwa na msitu wa Kaya Bombo zikasambaa. Watalii wakakatisha safari na hoteli zikapunguza wafanyakazi. Shambulio la Kikambala la Novemba 2002, ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, maonyo ya usafiri ya 2014 na janga la korona la 2020 yalikuja juu ya jeraha ambalo halijapona. Kila utalii ulipoamka, hoteli iligundua kwamba inaweza kuishi bila bendi: mtu mmoja mwenye kompyuta na spika, pamoja na timu ya wanasarakasi, hugharimu kidogo kuliko watu wanane wenye vyombo. Harusi nazo zikafuata njia hiyohiyo. Mwenye shughuli anakodi muziki na mshereheshaji, na kikundi cha taarabu kinaonekana ni anasa. Hakuna aliyekaa akaamua kuua upigaji wa pamoja. Ulikosa chakula tu.

Kijana anayerekodi Ukunda leo ameyarithi mazingira hayo, hakuyatengeneza. Na ukimsikiliza kwa haki utakuta ameshinda pale ambapo bendi za hoteli zilishindwa. Anaimba kwa ajili ya watu anaoishi nao. Tangu redio binafsi ziruhusiwe nchini Kenya katika miaka ya 1990, na stesheni za Pwani kama Radio Kaya zikafuata, Chidigo na Chiduruma vimepata nafasi hewani, na simu zimewafikishia nyimbo hizo Wadigo walioko Tanga, Nairobi na Ghuba. Wana-hip-hop wa Ukoo Flani, waliochipuka Mombasa katika miaka ya 1990, walionyesha kwamba kijana wa mtaani anaweza kuikabili dhuluma kwa Kiswahili kilichojaa vina na mafumbo, na walioanza baada yao, kama Kaa la Moto, wameendelea kuchimba mgodi huo. Kwa maneno, Pwani ya leo haina deni kwa miaka ya 1980.

Kuna watakaoniambia kwamba nyimbo za leo ni chafu, na kwamba disko matanga, zile dansi za usiku za kuchangisha fedha za mazishi ambazo serikali imekuwa ikizipiga marufuku Kwale na Kilifi, ni ushahidi tosha. Madhara kwa watoto wa kike yanayotajwa ni ya kweli, na marufuku ina sababu. Lakini yanatokana na watoto kuachwa usiku bila mlezi, na spika haina hatia hiyo. Kuhusu uchafu wa maneno, chakacha ilikuwa ngoma ya kiuno tangu ilipokuwa ya wanawake peke yao harusini, na mashairi ya taarabu yalipakiwa fumbo ili yaseme yasiyosemeka. Tofauti ni kwamba fumbo lilimtaka msikilizaji afikiri, na hapa nakubali kwamba watunzi wengi wa leo wamekuwa wavivu. Ni kasoro ya watunzi hao, kwa kuwa wenzao wa mtaa huohuo wanafumba vizuri.

Pingamizi lenye nguvu zaidi ni kwamba kompyuta nayo ni chombo, na prodyuza ni fundi kama mpiga zumari. Nalikubali nusu. Prodyuza mzuri ana sikio, na anaweza kutoa sauti ambazo sengenya haikuziota. Ila mapigo yake hayajibiwi na mtu. Mpiga ngoma akimwona mchezaji amechoka hupunguza, akimwona amepandisha mori huongeza, na waliomzunguka humfuata bila kuambiwa. Kwenye biti iliyopangwa tangu mwanzo hadi mwisho, mwimbaji ndiye pekee mwenye uhai, naye hulazimika kwenda kwa mwendo uliokwisha kuamuliwa. Ndiyo sababu nyimbo nyingi nzuri za leo, zikipelekwa jukwaani, huishia kuwa mtu mmoja akiimba juu ya sauti yake mwenyewe iliyorekodiwa. Mtindo wa bango unaonyesha kwamba haikupasa iwe hivi. Joseph Ngala, na saksafoni yake, alichanganya mahadhi ya Kimijikenda na ya kigeni, akaacha mtindo ambao bado unapigwa na watu walio hai kwenye harusi na kumbi za Pwani. Umedumu kwa sababu wenye harusi wameendelea kuulipia.

Na wapigaji wa kesho wapo. Tamasha la Muziki la Kenya, lililoanza mwaka 1927, huwafanya wanafunzi wa Kwale wajifunze sengenya kwa miezi mizima, wakashindana kuanzia ngazi za chini hadi za taifa. Mtoto wa shule ya upili anatoka huko akijua kuongoza ngoma na kuwasikiliza wenzake. Anamaliza kidato cha nne, anarudi Msambweni au Kinango, na hakuna hoteli wala kundi la harusi linalomtaka kwa ujuzi huo. Kilicho karibu naye ni chumba chenye kompyuta, ambako ataingia peke yake. Kaunti iliyoanzishwa mwaka 2013 ina mamlaka juu ya utamaduni na inazipa leseni biashara za burudani, na hoteli za Diani zinauza jina la Wadigo kwa wageni wao. Zikilipa vikundi vya watu wanane, kwa mikataba ya mwaka mzima, vipige saa nzima na kwa ajili ya wenyeji pia, swali la kama muziki wa leo unafikia wa jana litakuwa na jibu tofauti baada ya miaka kumi.