Unga wa Henshaw na Maji ya Kwanza

Georgetown, leo mtaa wa maduka na migahawa jijini Washington, zamani ilikuwa bandari ya unga wa ngano. Vinu vya bara vilisaga, mapipa yakakokotwa kwa magari ya farasi hadi Mto Potomac, kisha yakangoja mto ujae. Kampuni ya Patowmack, iliyoanzishwa 1785 chini ya urais wa George Washington, ilichimba mifereji ya kukwepa maporomoko, lakini maji yakipungua mashua hazipiti. Basi wafanyabiashara waliuziana unga wa kufikishwa kwa "maji ya kwanza".

Maneno hayo yamo katika barua ya tarehe 10 Februari 1813. Eliason, mnunuzi wa Georgetown, aliiandika akiwa karibu na Harpers Ferry: atanunua mapipa 200 au 300 kutoka kwa Henshaw, mwenye kinu, kwa dola 9.50 kila pipa, yapokelewe Georgetown. Mwishoni akaomba jibu lirudi na gari. Gari lenyewe lilikuwa likimbebea Henshaw mizigo; lilishashusha unga na sasa lilikuwa linarudi kinuni, mwendo wa maili 20 hivi.

Henshaw alipata barua tarehe 14. Mwendesha gari akamwambia huenda asirudi tena Harpers Ferry. Kesho yake Henshaw akaandika kwamba amekubali mapipa 300, akaelekeza jibu Georgetown kwa posta, iliyoondoka tarehe 19. Lilifika tarehe 24. Siku iliyofuata Eliason akamjibu kwamba alikwisha kata tamaa na kununua kwingine. Machi unga ukateremka na mto, ukakataliwa, na Henshaw akashtaki.

Nakiri kwamba mimi ningemwonea Henshaw huruma. Mahakama ya Juu ya Marekani haikumhurumia. Mwaka 1819 Jaji Bushrod Washington (George alikuwa baba yake mkubwa) alieleza kwamba gari lilitajwa kama kipimo cha muda tu. Jibu lingeweza kuletwa na yeyote. Kilichokuwa na uzito ni mahali na wakati: Harpers Ferry, ndani ya muda wa gari kurudi. Mwenye ofa ndiye anayepanga masharti ya kukubaliwa kwake, na anayekubali kinyume cha masharti hayo hajafunga mkataba.

Mwaka mmoja kabla, majaji wa Uingereza walikuwa wameamua kesi ya Adams na Lindsell. Ofa ya sufu ilikosewa anwani, ikachelewa, na muuzaji, Lindsell, akauza kwingine kabla ya kupata jibu. Alishindwa: mkataba ulifungwa pale jibu la kukubali lilipotiwa posta. Hukumu hizi mbili hazigombani, kwa kuwa Lindsell mwenyewe aliomba ajibiwe kwa posta, na kuchelewa kulitokana na kosa lake.

Mahakama ya Juu ilifika hapohapo mwaka 1850. William Tayloe wa Virginia alikubali ofa ya bima kutoka kampuni ya moto ya Baltimore na kutia posta hundi ya dola 57 tarehe 21 Desemba 1844. Tarehe 22 nyumba ikaungua, barua ikiwa bado njiani. Kampuni ililazimika kulipa.

Kwetu kanuni hizi zilikuja kwa njia ya Bahari ya Hindi. Sheria ya Mikataba ya India ya 1872 ilitumika Afrika Mashariki chini ya Waingereza, na Tanganyika ilipojitungia yake mwaka 1961 ilifuata mwongozo huohuo. Inaugawa wakati: mwenye ofa hufungwa jibu linapotumwa na kutoka mikononi mwa aliyekubali, aliyekubali hufungwa linapomfikia mwenye ofa, hivyo anaweza kulifuta iwapo ujumbe wa kufuta utawahi. Na jibu likija kwa njia isiyo ile iliyotajwa, mwenye ofa ana muda wa kutosha wa kusisitiza njia yake. Asipofanya hivyo, amelipokea.

Kwa sheria hiyo, barua ya Eliason ya tarehe 25 ingeweza kumtetea Dar es Salaam. Angenyamaza mpaka Machi, huenda mapipa 300 yangekuwa yake.