Chumvi na Shingo za Eastlands

Kwa duka la mtaa huku Umoja, pakiti ndogo ya chumvi ni kati ya vitu vya bei rahisi kabisa. Hata hivyo, imefanya kazi ambayo kisu cha daktari hakingeimaliza.

Shosho yangu ana kovu chini ya koo, limelala kama mkufu. Ni la rovu, uvimbe wa tezi ya shingo. Tezi hiyo hutumia madini ya iodini kutengeneza homoni. Ikikosa, inafura ikijaribu kujitosheleza. Udongo wa nyanda za juu ulioshwa na mvua karne nyingi, iodini ikabaki kidogo. Kati ya waliotoka huko kuja kutafuta kazi Nairobi, wakapanga Pumwani, Shauri Moyo na Kaloleni, kuna waliofika shingo zao zikiwa zimeshafura.

Kupasua kuliwezekana, lakini kulikuwa na bei. Theodor Kocher wa Uswisi, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1909 kwa kazi yake juu ya tezi hii, aliona wagonjwa aliowatoa tezi yote wakidhoofika mwili na akili. Uswisi ikaanza kutia iodini kwa chumvi mwaka wa 1922. Kenya iliifanya sheria mwaka wa 1978. Utafiti wa kitaifa wa 1994 ulikuta rovu kwa asilimia 16 ya waliopimwa. Wa 2004, asilimia 6.

Wengi wetu tukadhani hiyo stori imeisha. Lakini shingo bado zinapasuliwa, sema tu sababu zinabadilika. Rovu kubwa la kubana pumzi linapopungua, vinundu na saratani huchukua nafasi kubwa zaidi kwa foleni. Iodini ikitosha, saratani ya aina ya folikula hupungua, ya papilari ikaongoza. Afadhali hiyo, kwa sababu kwa kawaida hukua polepole na hutibika ikipatikana mapema.

Shida ni hiyo "mapema". Wanaougua zaidi ni wanawake, na kinundu kisichouma hufunikwa na skafu miaka na miaka. "Ni tezi tu, hata shosho alikuwa nayo." Ya shosho ilitoka kwa udongo, na chumvi ilishaijibu. Hii inaweza kuwa kitu kingine kabisa.

Mathe akikuonyesha kinundu shingoni, usimpe historia ya shosho. Mpeleke apimwe.