Vitamini kwa mwenye baridi yabisi: kidonge kipi, na siku ipi

Baridi yabisi ni ugonjwa unaotokea pale kinga ya mwili inapougeukia mwili wenyewe na kushambulia utando wa ndani ya viungo. Hauletwi na kuoga maji ya baridi wala kukanyaga umande wa shambani, ingawa hapa Kipalapala bado nasikia hivyo karibu kila wiki. Huwapata zaidi wanawake. Vidole na vifundo vya mikono huvimba, mara nyingi pande zote mbili, na asubuhi mgonjwa hukakamaa kwa zaidi ya nusu saa.

Akina mama wanaouguza huniuliza, "Nesi, tumpe vitamini gani apone?" Hakuna vitamini inayoponya baridi yabisi. Sindano za vitamini B, vidonge vya vitamini C na yale makopo ya virutubisho ya bei mbaya havizuii ugonjwa kuharibu viungo. Lakini ipo vitamini moja ambayo, kwa anayetumia dawa ya metotreksati, ni sehemu ya matibabu.

Asidi ya foliki na metotreksati

Metotreksati ndiyo dawa ambayo madaktari wengi huanza nayo. Humezwa mara moja kwa wiki, siyo kila siku. Inauzuia mwili kutumia foliki, yaani vitamini B9, ndiyo maana wengine hupata kichefuchefu, vidonda vya mdomoni au kupungukiwa damu. Ili kupunguza madhara hayo, daktari huandika asidi ya foliki, mara nyingi miligramu 5 kwa wiki, katika siku tofauti na ya metotreksati.

Shida ni kwamba vidonge hivi viwili mara nyingi vyote ni vidogo na vya njano. Niliwahi kumtembelea bibi ambaye dawa zake zote zilimiminwa kwenye kikopo kimoja, na mjukuu akawa anampa "kile cha njano" kila asubuhi. Nilimkuta mdomo umejaa vidonda, hata uji haupiti. Tulimkimbiza hospitali, akapona. Wapo wasiopona: metotreksati ya kila siku inaweza kuua.

Kwa hiyo acha kila dawa kwenye pakiti yake. Kidonge ambacho pakiti yake imeandikwa Methotrexate kipangie siku isiyosahaulika. Wa msikitini wengi huchagua Ijumaa, wa kanisani Jumapili, na foliki ikapewa siku nyingine. Weka alama kwenye kalenda ukutani. Akipitiwa, asimeze dozi mbili kufidia. Akipata homa, vidonda mdomoni, kukohoa na kubanwa pumzi, au akivuja damu, usimpe dozi nyingine. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Na usimnunulie septrini duka la dawa, maana ikikutana na metotreksati hushusha chembechembe za damu kwa hatari.

Vidonge vya kliniki ya wajawazito havitoshi?

Havitoshi. Kidonge cha kuongeza damu cha mjamzito kina madini chuma na asidi ya foliki miligramu 0.4 tu. Tena upungufu wa damu wa mgonjwa huyu unaweza kutokana na ugonjwa wenyewe, au na tumbo kuchubuliwa na diklofenaki na kuvuja damu taratibu. Apimwe kwanza.

Kama mgonjwa ni wewe na bado unazaa, jua kwamba metotreksati huharibu mimba na kulemaza mtoto, na asidi ya foliki haiondoi hatari hiyo. Tumia uzazi wa mpango, na ukitaka mtoto mwone daktari mapema, kabla hujashika mimba, abadilishe dawa.

Mifupa, jua na dagaa

Anayetumia predinisoloni kwa muda mrefu mifupa yake hudhoofika. Huyu anaweza kuhitaji vidonge vya kalisi na vitamini D, hasa bibi asiyetoka ndani. Mtoe nje apate jua, Tabora hatuna upungufu wa jua. Dagaa wa Kigoma waliwao na mifupa yake wana kalisi nyingi, na maziwa pia. Vitamini C ataipata kwenye embe na ubuyu. Miembe ya enzi za misafara ingali inazaa, sioni sababu ya kuuza kuku ili ununue kopo.

Vitamini A ya dozi kubwa asipewe kabisa kama ni mjamzito.

Siku ya kliniki, iwe Kitete au zahanati ya karibu, beba kila anachomeza, na mitishamba pia, kikiwa kwenye chombo chake.