Daktari aangalie mgonjwa, karani aandike

Nina diploma ya uhazili, na kwa miaka mingi nimelipwa kuandika yanayosemwa na wengine. Niliposoma kuwa Marekani imeweka makarani ndani ya vyumba vya madaktari wanaotibu wanajeshi wastaafu, nilitaka kujua wanafanya nini hasa.

Hospitali hizo za serikali zina wastaafu waliosajiliwa wapatao milioni 9. Mwaka 2014 ziliingia aibuni ilipobainika kuwa huko Phoenix muda halisi wa wagonjwa kungojea daktari ulifichwa. Na daktari mwenyewe muda wake huliwa na kompyuta. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2016 ulionyesha kuwa kwa kila saa moja daktari wa kliniki anayokaa na wagonjwa, karibu saa mbili huishia kwenye rekodi na kazi za mezani. Nyingine huifanya usiku, nyumbani kwake.

Sheria ya mwaka 2018 iitwayo MISSION ikaagiza jaribio la miaka miwili katika hospitali 10, kila moja makarani wanne. Baadhi waliwekwa kitengo cha dharura, wengi zaidi kwa madaktari bingwa ambako foleni ni ndefu. Lilianza 2020.

Karani huketi pembeni. Mgonjwa akisema goti lamuuma tangu mwezi jana, daktari akalibonyeza na kutaja alichokiona, yeye anaandika yote mawili. Hatoi ushauri wala haagizi dawa. Mwishowe daktari husoma, husahihisha na kutia sahihi.

Hapo kwenye sahihi ndipo pana hatari. Mtu aliyechoka hutia sahihi bila kusoma. Nimeyaona haya mara nyingi kwenye kumbukumbu za mikutano. Kwa Kiingereza 15 na 50 hukaribiana sana kwa sauti, na kwenye kipimo cha dawa hilo si jambo dogo.

Kisha kuna siri. Askari aliyetoka vitani huenda ana mambo ambayo hata mkewe hajamwambia. Atayasema mbele ya mtu wa tatu? Kwa maoni yangu aulizwe kwanza, na akikataa karani atoke nje, hata foleni iwe ndefu vipi.

Sasa zimekuja programu za kompyuta zinazosikiliza na kuandika zenyewe. Zenyewe hazionekani pale pembeni, kwa hiyo mgonjwa ana haki zaidi ya kuuliza: sauti yangu inahifadhiwa wapi, na nani ataisikiliza baadaye?