Lokichoggio: Uwanja wa ndege uliokuzwa na vita vya jirani

Uwanja mdogo wa ndege wa Lokichoggio, au Loki kama wasafirishaji wanavyouita, uko Turkana, kaskazini magharibi mwa Kenya, karibu na mpaka wa Sudan Kusini. Katika miaka ya 1990 ulikuwa miongoni mwa viwanja vyenye pilikapilika nyingi Afrika Mashariki. Leo shughuli zake ni kivuli tu cha zile za wakati huo.

Loki haikukuzwa na bidhaa za Turkana. Mwaka 1987 Msalaba Mwekundu wa Kimataifa ulifungua hospitali ya majeruhi wa vita vya Sudan katika eneo la Lopiding, nje kidogo ya mji. Njaa kubwa ya mwaka 1988 ilipoua maelfu kusini mwa Sudan, Umoja wa Mataifa ulianzisha mwaka 1989 mpango wa misaada wa Operation Lifeline Sudan, na Loki ikawa kituo chake kikuu cha kurushia ndege.

Chakula kilipanda malori Mombasa, kikashushwa kwenye maghala ya Loki, kisha kikapakiwa kwenye ndege na kudondoshwa vijijini. Ndege aina ya Hercules ilibeba tani 16 hivi kwa safari, wakati lori moja la tela hubeba zaidi ya tani 25. Hakuna mfanyabiashara ambaye angelipia usafiri wa namna hiyo kwa mahindi. Waliolipa ni wafadhili, kwa kuwa barabara za ng'ambo zilikuwa na mabomu ya ardhini na matope. Hata anga ilikuwa na mwenyewe. Mapema mwaka 1998, njaa ikiuma Bahr el Ghazal, serikali ya Khartoum ilizuia safari za ndege huko kwa wiki kadhaa.

Mji ulineemeka. Kambi za kulala wageni, mafuta ya ndege, vibarua wa kupakia, vyote vilitegemea mteja mmoja.

Mkataba wa amani ulitiwa saini Nairobi Januari 2005. Mashirika yakahamia Juba, na mwaka 2006 hospitali ya Lopiding ikakabidhiwa kwa serikali ya Kenya. Ajira zikaondoka na ndege.

Wengi walitarajia malori yazibe pengo. Hata hivyo, mwaka 2012 barabara ya Juba–Nimule, kilomita 192, ilikamilika kwa lami kwa fedha za Marekani, na mizigo ya Mombasa iendayo Juba ikazidi kupitia Malaba na Uganda, ingawa ni kuvuka mipaka miwili badala ya mmoja. Mwaka 2015 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa kujenga upya barabara ya Lokichar–Lodwar–Nadapal, inayopita Loki. Ng'ambo ya Nadapal, kupitia Kapoeta na Torit, sehemu kubwa ni udongo. Mvua ikinyesha, lori hulala njiani.