Nani aliyefundisha magurudumu kukata kona?

Januari 29, 2026, hataza ya gari la Karl Benz ilitimiza miaka 140. Gari lenyewe linajulikana: kiti cha watu wawili, injini nyuma, na magurudumu matatu. Wengi wakiliona hudhani gurudumu moja la mbele ni mtindo wa enzi zile. Sivyo. Benz aliweka moja kwa sababu alikuwa bado hajapata namna ya kuyaongoza mawili kwa pamoja. Ilimchukua hadi 1893 kupata hataza ya usukani wa magurudumu mawili ya mbele, na mwaka huohuo akatoa Victoria, gari lake la kwanza la magurudumu manne.

Tatizo lililomsumbua Benz ndilo linalopeleka magari gereji hadi leo, pale dereva anapolalamika kwamba gari lake linakula tairi upande mmoja. Gari likikata kona kwenda kulia, gurudumu la kulia hupita kwenye duara dogo na la kushoto kwenye duara kubwa. La ndani lazima lipinde zaidi kuliko la nje. Yakipinda sawasawa, mojawapo linaburuzwa kwa ubavu huku likizunguka, na mpira unasagika kwenye lami. Kwa hiyo kona iliyopigiwa hesabu vizuri ni ile ambayo mistari ya ekseli za magurudumu yote manne, ukiirefusha, inakutana mahali pamoja, kwenye usawa wa ekseli ya nyuma.

Hesabu hiyo ilianza kwenye magari ya farasi, kabla ya injini. Magari hayo yaligeuza ekseli nzima ya mbele juu ya chuma kimoja cha katikati. Kwenye kona kali gurudumu la ndani liliingia chini ya bodi, gari likabaki limesimama kwenye kitako chembamba, na mara nyingi lilipinduka na waliokuwamo.

Hapa ndipo ugomvi wa nani alianza unapoingia, na ni ugomvi unaostahili kusikilizwa.

Vitabu vya ufundi duniani kote vinaita mpangilio huu kwa jina la Ackermann. Desmond King-Hele, mwanafizikia Mwingereza aliyeandika wasifu wa Erasmus Darwin, hakukubali. Mwaka 2002, katika jarida la historia la Royal Society, alieleza kwamba Darwin alikuwa ameufikia mpangilio huo mwishoni mwa miaka ya 1750, zaidi ya nusu karne kabla ya hataza ya Ackermann. Darwin huyu ni babu yake Charles, yule wa nadharia ya mageuzi. Alikuwa daktari mjini Lichfield, na kazi yake ilikuwa kuwafuata wagonjwa majumbani, maelfu ya kilomita kwa mwaka, kwenye barabara za mashimo na matope. Mtu anayeishi barabarani namna hiyo hujua gari baya kwa mwili wake. Mwaka 1768 mojawapo ya magari aliyoyabuni mwenyewe lilipinduka, likamvunja mfupa wa goti, akachechemea maisha yake yote.

Usukani wake aliutumia mwenyewe barabarani, lakini hakuukatia hataza. Alihofia kwamba daktari anayejulikana kwa kuunda mitambo angeshushiwa heshima na wagonjwa. Ubunifu wake ukaishia kwenye magari yake na kwenye maandishi yake.

Wa pili ni Georg Lankensperger, fundi wa magari ya farasi wa jumba la kifalme la Bavaria, mjini Munich. Mwaka 1816 alitengeneza gari ambalo ekseli yake ya mbele haikugeuka kabisa. Kila gurudumu liligeuka peke yake kwenye kiungo kilichokuwa mwisho wa ekseli, na fito ziliyaunganisha mawili hayo. Fungua boneti ya gari lolote leo, tazama chini: utakuta viungo vilevile na fito zilezile, ambazo mafundi wetu wanaziita tairodi.

Wa tatu ndiye aliyeondoka na jina. Rudolph Ackermann alizaliwa Stollberg, Saxony, mwaka 1764, akajifunza kazi ya matandiko ya farasi na kuchora magari, kisha akahamia London akawa mchapishaji maarufu wa picha na vitabu, duka lake likiwa mtaa wa Strand. Hakuwa mgeni katika fani: ndiye aliyebuni gari lililobeba jeneza la Admiral Nelson Januari 1806. Lankensperger alipohitaji mtu wa kumsimamia Uingereza, alimpata huyu. Hataza ikatolewa London mwaka 1818, na jina lililoandikwa ni la wakala. Mwaka 1819 Ackermann alichapa kitabu kidogo chenye michoro kuitetea ekseli hiyo, na kichwa chake kikatangaza hataza ya Ackermann. Mchapishaji mwenye duka, wino na wateja alikuwa na kila njia ya kulieneza jina lake. Fundi wa Munich hakuwa nazo.

Cha kusikitisha ni kwamba hata hivyo mafundi wengi wa magari London hawakuupokea mpangilio huo, na miaka ikapita bila barabara kufaidika. King-Hele angetaka tuseme Darwin, na ana haki kuhusu nani alitangulia kuwaza. Kwa maoni yangu anayedaiwa zaidi ni Lankensperger, kwa sababu ndiye aliyelifikisha wazo kwenye karakana likatoka humo limekamilika, na wanafunzi wa makanika hapa kwetu wanamaliza masomo bila kulisikia jina lake.

Zaidi ya nusu karne baadaye mambo yakaanza kwenda haraka. Amédée Bollée wa Le Mans aliutumia mpango wa viungo viwili kwenye gari lake la mvuke mwaka 1873. Mwaka 1878 Charles Jeantaud wa Paris aliunyoosha kwa kuelekeza mikono ya usukani katikati ya ekseli ya nyuma. Benz akafuata. Miaka ya 1930 magurudumu ya mbele ya magari mengi yalipewa springi zake kila moja, na pembe ambazo ekseli ngumu ilizishikilia kwa uimara wake zikawa za kupimwa na kurekebishwa. Michelin ikapata hataza ya tairi la radiali mwaka 1946. Tairi hilo linadumu kuliko la zamani, kwa hiyo likilika vibaya hasara yake ni kubwa zaidi. Siku hizi mashine za kamera husoma pembe hizo, yaani alaimenti, kwa dakika chache.

Kwetu kuna wakati tulitengeneza tairi wenyewe: General Tyre kule Arusha, Firestone pale Nairobi. Kiwanda cha Arusha kilisimama miaka ya 2000 ikielekea ukingoni, na cha Nairobi kikafungwa 2016. Tairi tunanunua nje sasa, kwa fedha za kigeni, na bado tunayaacha yaishe upande mmoja. Inaniuma kuona tairi lenye kashata nzuri upande wa nje na waya zimechungulia upande wa ndani.

Kulisoma tairi hakuhitaji mashine. Pitisha kiganja juu yake kutoka nje kwenda ndani, kisha urudi. Ukienda ni laini na ukirudi linakwaruza kama meno ya msumeno, magurudumu ya mbele hayatazamani sawa, na tairodi ndizo za kuguswa. Bega moja likiisha lote bila kukwaruza, gurudumu limelala, na hapo huenda ni boljointi, bushi au chuma kilichopinda kwenye shimo. Mabega yote mawili yakiisha katikati kukiwa kuzima, upepo ni mdogo. Katikati pakiisha peke yake, upepo umezidi, na alaimenti haina kosa.

Mafundi wa pembeni mwa barabara wanaopima kwa uzi uliovutwa kutoka gurudumu la nyuma hadi la mbele, rula mkononi, wanafanya kazi ya Lankensperger kwa vifaa alivyoweza kuwa navyo mwenyewe. Kosa ni la sisi wenye magari, tunaobadilisha tairodi asubuhi na kuingia barabara kuu mchana bila kupima chochote, kisha mwezi wa tatu tunamlaumu muuza tairi. Kipimo kifanyike siku kifaa kinapobadilishwa na siku tairi jipya linapofungwa, wakati kashata bado ipo ya kuokoa.