Chembe za Daudi

Wadau, ukishuka kwenye kivuko pale Magogoni, ukaliacha soko la samaki la Feri na kufuata barabara ya baharini (siku hizi inaitwa Barack Obama, lakini wengi bado tunaiita Ocean Road), ukishapita Ikulu utakuta majengo ya Kijerumani yanayotazama bahari. Hiyo ndiyo hospitali ya Ocean Road. Tangu 1996 ni taasisi ya taifa ya saratani, na hapa mjini ukitaja jina lake tu watu wanashusha sauti.

Wajerumani walipoimaliza mwaka 1897 ilikuwa ya wazungu, na kilichowanyima usingizi kilikuwa malaria. Robert Koch, yule aliyegundua bakteria wa kifua kikuu, alifika Dar mwaka huohuo na kukaa hadi 1898 akichunguza damu za wagonjwa kwa hadubini. Kimelea cha malaria huingia ndani ya chembe nyekundu ya damu, hula humo humo, huzaliana, kisha huipasua na kutoka. Homa inakuja hapo.

Malaria jana, saratani leo, jengo lilelile. Unaweza kudhani hayo mawili hayana undugu. Undugu upo, na waliouona walianzia Kampala.

Mwaka 1957 daktari mpasuaji Denis Burkitt aliitwa kumwona mtoto pale Mulago, taya zimevimba pande zote. Baadaye akaona mwingine, na mwingine. Akaandika mwaka 1958. Kisha Oktoba 1961, wakati Tanganyika inajiandaa kwa Uhuru, yeye na wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, wakapakia gari kuukuu aina ya Ford na kushuka kusini hadi Afrika Kusini. Wiki 10, kilometa kama 16,000, hospitali zaidi ya 50, nyingine hapa hapa Tanganyika. Swali lilikuwa moja tu: mmewahi kuona uvimbe huu? Majibu yalipowekwa kwenye ramani, uvimbe ulionekana kwenye joto na mvua, nyanda za juu zenye baridi haukuwepo. Yaani ramani ya malaria, tena bila kompyuta! Mimi naona ile safari ni kazi ya uandishi wa habari kuliko ya upasuaji.

London kulikuwa na mtu anaitwa Anthony Epstein. Alimsikia Burkitt akihutubia mwaka 1961, akaanza kuletewa vipande vya uvimbe kwa ndege kutoka Uganda. Hakuna kilichoota. Mwishoni mwa 1963 ndege moja ilizuiwa na ukungu, ikatua Manchester, mzigo ukachelewa kufika. Maji ya kwenye chupa yalikuwa yamechafuka, mtu mwingine angesema yameoza. Epstein akaweka tone kwenye hadubini: chembe hai zinaelea. Hizo ndizo zilizokubali kuota, na mwaka 1964 yeye, Bert Achong na Yvonne Barr wakatangaza kirusi walichokikuta ndani yake. Leo kinaitwa Epstein-Barr, na watu wazima zaidi ya 9 kati ya 10 duniani wanacho, wengi bila kuumwa.

Sasa kwa nini mtoto wa kwetu augue? Hapa nifuateni taratibu.

Chembe nyeupe zinazotengeneza kingamwili zina tabia ya ajabu: zinakata vinasaba vyake zenyewe, makusudi, na kuviunga upya, ili zipate silaha inayomfaa adui aliyeingia. Kukata na kuunga ni kazi yao ya kila siku. Mara chache sana zinaunga vibaya, kipande cha kromosomu ya 8 kinashikizwa kwenye ya 14. Mwaka 1976 kina Lore Zech na George Klein wa Stockholm walilionyesha hilo kwenye uvimbe wa Burkitt, na 1982 ikajulikana jeni iliyohamishwa: MYC, inayoiamuru chembe igawanyike. Imewekwa jirani na jeni ya kingamwili, ambayo kwenye chembe hizo haizimwi. Fundi umeme yeyote wa Kariakoo ataelewa: swichi imerukwa, waya una moto usiku na mchana.

Malaria inayorudi kila msimu inazilazimisha chembe hizo zizaliane, zikate na kuunga bila kupumzika. Kirusi nacho kinazisaidia zisife zinapokosea. Ndiyo undugu wenyewe.

Hapa kwetu walijaribu kuuthibitisha. Kati ya 1977 na 1982 watoto wa Mara Kaskazini waligawiwa klorokwini. Saratani ilipungua, lakini ilikuwa imeanza kupungua hata kabla ya vidonge, na malaria yenyewe ikapanda tena kabla mradi haujaisha. Jibu likabaki nusu.

Kinachonikaa rohoni zaidi ni Daudi. Mwaka 1967 zilichukuliwa chembe za mvulana Mkenya wa miaka 16 mwenye saratani hii, zikaoteshwa kwa kina Klein kule Stockholm. Hazijaacha kugawanyika. Chembe hizo zina kasoro, zinakosa protini moja ndogo, na kwa kasoro hiyo wanasayansi wa miaka ya 1970 walielewa jinsi chembe inavyobeba kitambulisho chake kwenye ngozi yake ili kinga ya mwili isiishambulie. Chembe za mtoto mwingine, Namalwa, zilikuzwa na kampuni ya Wellcome ya Uingereza kwenye matangi makubwa kutengeneza dawa ya interferoni.

Familia ya Henrietta Lacks, mama wa Marekani ambaye chembe zake zilichukuliwa mwaka 1951 bila kuulizwa, ilimalizana na kampuni moja kubwa mwaka 2023 baada ya kwenda mahakamani. Daudi, kama angekuwa hai, angekuwa amevuka miaka 70. Chembe zake zinauzwa kwa katalogi, na kwenye katalogi kuna umri, jinsia, rangi na ugonjwa. Jina la baba halimo.